Mkono wa Fundi na Mpira wa Rejeta

Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, kabla ya zile 100 tulizofundishwa shuleni. Mafundi wa gereji za hapa wanalijua jambo hilo hata kama hawajawahi kulisoma popote, kwa sababu wameitwa mara nyingi kwenda kuokoa magari yaliyochemsha: mlima Sekenke kati ya Singida na Nzega, kona za Nyang'oro ukishaliacha bwawa la Mtera kuelekea Iringa, mwinuko wa Kolo na Bereko kwenye barabara ya Kondoa. Gari linapanda taratibu, limejaa watu na magunia, upepo wa kiangazi unalisukuma kwa nyuma badala ya kuipoza rejeta kwa mbele, na jua la Oktoba liko utosini.

Kinachoyazuia maji yasichemke mapema ni presha. Kifuniko cha rejeta kikiwa kizima huyabana maji yakavumilia joto la zaidi ya nyuzi 110. Lakini presha hiyo hiyo inasukuma kila ukuta unaoyazunguka, na ukuta laini kuliko zote ni mipira: mpira wa juu unaoyatoa maji ya moto kwenye injini, mpira wa chini unaoyarudisha yakiwa yamepoa, na vipande vifupi vilivyojificha nyuma na pembeni ambavyo madereva wengi hawajui hata kwamba vipo. Huwezi kuweka bomba la chuma mahali pa mipira hiyo. Injini imekalia mauntini za mpira na inacheza kila gari linapopita kwenye barabara mbovu, ilhali rejeta imefungwa kwenye bodi. Kiungo cha katikati lazima kiwe laini, na kilicho laini huzeeka.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni wa kuutambua uzee huo mapema. Hauna kelele. Anayeshusha injini hukusanya watazamaji, na anayechomelea hutoa cheche. Anayekagua mipira ya rejeta huinama tu chini ya boneti, akashika hapa na pale, na mpita njia angedhani hajaanza kazi.

Upande wa Kizota, kando ya barabara ya Singida, kuna fundi mtu mzima ambaye nimemtazama mara nyingi akiifanya kazi hii chini ya mwarobaini. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, Land Cruiser zimejaa mjini, za namba za serikali (STK), za mashirika ya umma, za miradi. Zinazomfikia yeye ni zile za zamani zaidi, zinazoitwa mkonga, za watu binafsi, zinazokwenda Mpwapwa, Chemba, Itigi na kwenye minada. Chini ya boneti mara nyingi ni injini ya 1HZ ambayo Toyota waliitoa mwaka 1990: dizeli, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 4.2, haina tabo. Ni injini yenye sifa ya uvumilivu, na anaiheshimu. Husema haiuawi na kazi, inauawa na maji yaliyokwisha bila dereva kujua.

Hatua yake ya kwanza ni kusubiri. Gari likija saa nne asubuhi likitoka safari, hataligusa. "Bosi, kanywe chai kwanza. Ikipoa nitaishika." Wateja wenye haraka hukasirika. Lakini mpira wa moto wenye presha ndani huwa mgumu wote na haukuambii chochote, na kifuniko kikifunguliwa wakati huo maji hulipuka na kubabua uso na mikono. Makovu ya namna hiyo yapo kwenye gereji nyingi za Tanzania. Hivyo gari linapoa, naye anaendelea na jingine.

Likishapoa anaanza na macho. Anatafuta doa kavu kwenye maungio, jeupe, la kijani au la rangi ya kutu kulingana na maji yaliyomo, kwa sababu uvujaji mdogo hukauka kwenye injini ya moto kabla ya kudondoka chini, na mwenye gari huona tu kwamba kila wiki anaongeza maji kidogo. Anaangalia mahali mpira ulipogusana na kava la feni au ukingo wa betri, maana barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo hutikisa kila kitu, na mguso huo humenya mpira mpaka nyuzi za ndani zikaonekana. Anaangalia uvimbe karibu na klipu. Anaangalia pia kama kuna mng'ao wa oili. Mipira ya kisasa hutengenezwa kwa EPDM, mpira wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli, unaovumilia joto, mvuke na jua vizuri sana. Hata hivyo oili ni sumu kwake. Tone moja likidondokea mahali pamoja kila siku kutoka kwenye kifuniko cha valvu, mpira huvimba na kulegea. Akikuta hivyo, anafunga uvujaji wa oili kwanza, kwani mpira mpya ungeharibika vilevile.

Baada ya macho ndipo mkono unapoingia, na hapa ndipo ninapomwonea fahari. Mnunuzi mzoefu kwenye mnada wa Msalato hubonyeza nundu ya ng'ombe akajua mnyama ana hali gani kabla bei haijatajwa. Fundi huyu hubonyeza mpira namna hiyo hiyo. Anaanza katikati, kwa kidole gumba na viwili vinavyofuata, ili ajue huo mpira wenyewe ulivyo. Kisha anasogea hadi ncha, sentimita chache kutoka kwenye klipu, anabonyeza tena, na kulinganisha. Anafumba macho akifanya hivyo. Nilipomwuliza alichokuwa akitafuta, aliushika mkono wangu akauweka katikati ya mpira wa juu, kisha kwenye ncha ya upande wa injini. Katikati palikuwa pamekaza. Kwenye ncha palibonyea na kulegea, na vidole vilihisi kitu kikiachana kwa ndani. Kwa nje mpira ule ulikuwa mweusi, laini, hauna hata ufa mmoja. Ningeapa kwamba ni mzima.

Sababu yake inajulikana vizuri na wanaotengeneza mipira. Chuma cha injini, maji yenye madini au kulanti iliyochoka, na mpira wenye kaboni ndani yake, vikikutana hufanya kazi ya betri ndogo. Umeme hafifu hupita, na mpira huchanika kwa ndani kwa nyufa nyembamba zinazofuata urefu wake, hasa karibu na ncha unakoshikana na chuma. Maji huingia kwenye nyufa hizo, yakazifikia nyuzi zinazoubana mpira, nyuzi zikaoza. Siku ya kupanda mlima, presha ikifika juu, mpira hupasuka kwa mstari mmoja mrefu. Dereva husema umepasuka ghafla. Kumbe umekuwa ukipasuka kwa miezi, kwa ndani, na ni kidole tu kingeweza kumwambia.

Mpira wa chini una tabia yake. Uko upande wa kuvutwa na wota pampu, hivyo ugonjwa wake mkubwa ni kusinyaa. Injini ikiongezewa mwendo, mpira uliolegea hunyonywa kuta zikakutana, na maji hayapiti. Baadhi ya mipira hiyo imewekewa springi ndani ili isisinyae, nayo springi huliwa na kutu. Gari la namna hii likitembezwa taratibu mjini halina neno, likikimbizwa njia kuu linachemsha, na likisimama linapoa. Nimesikia mateso ya wenye magari waliobadilishiwa rejeta, wota pampu na kifuniko kabla mtu hajainama kuutazama mpira wa chini injini ikiunguruma.

Kisha ile midogo. Ule mfupi wa kuzungushia maji ndani ya injini wakati bado ni baridi. Ile miwili inayokwenda kwenye hita, imebanana na ukuta wa nyuma wa injini mahali ambapo mkono mnene haupiti. Magari mengi yaliyotoka Japani yana hita ya nyuma pia, na mipira yake inapita chini ya sakafu, kwenye tope na mawe. Hapa kwetu hakuna anayewasha hita, kwa hiyo hakuna anayeikumbuka, lakini maji yanapita humo au yanaishia kwenye mlango wake kila siku, na presha ni ile ile. Fundi wetu analala chini, na taa mdomoni, na kuishika yote. Sijamwona akiiruka hata mteja akiwa amesimama na ufunguo mkononi.

Akiamua kubadilisha, mpira mpya anauchagua kwa kuangalia ncha iliyokatwa. Tabaka la nyuzi lazima lionekane, limekaa katikati ya unene, limezunguka pande zote. Spea za kopi hufika hadi maduka ya Dodoma kutoka Kariakoo, nyingine zikiwa na maboksi mazuri kuliko orijino, na ndani ya boksi ni mpira mtupu wenye uzi wa kubahatisha. Anakataa pia kukata kipande cha mpira ulionyooka na kukilazimisha kupinda. Mpira wa rejeta umefinyangwa kiwandani kwa umbo lake. Ukipindisha ulionyooka, utajikunja kwenye kona na kuziba njia.

Kuutoa wa zamani kuna siri yake. Mpira uliokaa miaka mingi hugandamana na shingo ya rejeta, na vijana wengi huuzungusha kwa nguvu kwa plaizi. Rejeta za zamani zilikuwa na matangi ya shaba yaliyounganishwa kwa risasi, na shingo ingeweza kulegea. Nyingi za sasa zina matangi ya plastiki, na plastiki iliyopikwa kwa miaka huvunjika kwa sauti moja kavu, na hapo mteja ananunua rejeta. Yeye huupasua mpira kwa kisu kikali kwa urefu, akisimamisha kisu kabla hakijagusa shingo, kisha anaufungua kwa vidole. Mpira wenyewe unakwenda kutupwa, anasema, kwa nini tuuhurumie kuliko rejeta?

Shingo anaisafisha kwa msasa mlaini hadi magamba yote yaishe, anapitisha ukucha kuzunguka, na mahali ukucha unapokwama anarudi tena. Hapaki grisi wala oili. Analowesha kwa maji tu, mpira unateleza na kukaa. Mipira mingi ya Toyota ina alama ndogo ya rangi kwenye ncha, nayo inapaswa kuelekea alama iliyo kwenye shingo. Ikielekezwa hivyo mpira unakaa bila kujinyonga.

Klipu anaiweka nyuma ya ule ukingo ulioinuka kwenye shingo, wala si juu yake, na anaacha nafasi ndogo ya mpira mbele yake. Klipu hii ya kukaza kwa bisibisi ina zaidi ya miaka 100: aliyeisajili mwaka 1921 ni Lumley Robinson, ofisa wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Ubaya wake ni kwamba inatii mkono wowote. Mkono mkali huikaza hadi meno ya bati yanaukata mpira, na mkono mlegevu huiacha ikivuja. Klipu za springi za kiwandani hufuata mpira unavyonenepa kwa moto na kusinyaa kwa baridi, kwa hiyo kama bado zina nguvu yeye huzirudisha. Akitumia za bisibisi, anazigeuza ili kichwa cha skrubu kielekee mahali bisibisi itakapofika siku nyingine bila kufungua kitu kingine. Huenda fundi wa siku hiyo hatakuwa yeye. Labda litakuwa gari limesimama usiku kati ya Itigi na Rungwa, na dereva mwenye bisibisi moja. Nilipoielewa sababu ya kichwa cha skrubu kuelekea juu, heshima yangu kwake iliongezeka maradufu.

Inabaki habari ya maji, na kwa Dodoma si habari ndogo. Maji mengi ya eneo hili hutoka ardhini. Mji wenyewe umetegemea visima vya bonde la Makutupora kwa miongo mingi, na visima vya vijijini huko Bahi na kwingineko mara nyingi huwa na chumvi. Sufuria za nyumbani huonyesha ukoko mweupe. Ukoko huo huo hujengeka ndani ya rejeta na kuizuia kupoza, na chumvi hiyo ndiyo inayokoleza ule umeme mdogo unaochana mipira. Kwa hiyo anachanganya kulanti nzuri na maji yaliyosafishwa, au maji ya mvua aliyoyakinga mwenyewe wakati wa masika. Kulanti ya zamani anaikinga kwenye beseni na kuifunga kwenye dumu. Ina ladha tamu na ni sumu, na mbuzi na mbwa wa jirani hawajui.

Kujaza ni kazi ya subira tena. Anaegesha gari likiwa limeinua pua, anafungua hita hadi mwisho wa moto, anamimina kidogo kidogo, anawasha injini na kuiacha iungurume polepole. Hewa iliyobaki ndani hupanda kwa mapovu. Anaubinya mpira wa juu na kuuachia, tena na tena, kuisukuma. Kwa muda mrefu mpira huo ni baridi ingawa injini imeshapata moto. Halafu ghafla unapata joto mkononi: thamostati imefunguka, maji yameanza kuzunguka. Ananiita nishike. Analikubali gari baada ya dalili hiyo. Jioni, likipoa, anaangalia kiwango tena, na anamwambia mwenye gari arudi baada ya safari ya kwanza ili klipu zikaguliwe.

Kuhusu thamostati ana msimamo ambao wenzake wengi hawaupendi: haitoi. Desturi ya kuing'oa kila gari likichemsha imeenea nchi nzima, kwa hoja kwamba huku ni joto. Injini isiyo na thamostati hukaa baridi mno kwenye mteremko na asubuhi, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Kwenye injini ambazo thamostati ndiyo inayoziba njia ya mkato, kuitoa huyaacha maji yazunguke bila kupita kwenye rejeta, na gari linazidi kuchemsha. Nakubaliana naye kabisa.

Nchi hii imeshaona gharama ya mitambo isiyo na wa kuitunza. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza Kongwa mwaka 1947 ulileta matrekta mengi yaliyokuwa mabaki ya vita, bila vipuri vya kutosha na bila mafundi wazoefu wa kutosha. Ukame na udongo mgumu vilifanya yaliyobaki, na mwaka 1951 mpango ukafungwa. Hesabu za mpango ule ziliandikwa kwa mamilioni ya pauni. Za mpira wa rejeta ni ndogo, lakini mtu anazilipa mwenyewe. Mpira ukipasuka maji huisha kwa dakika chache, na geji ya joto inaweza kushuka badala ya kupanda, maana kipimo chake kimebaki kwenye hewa. Dereva anaona sindano iko chini na kuendelea. Matokeo ni gasketi kuungua, silinda hedi kupinda, injini kunoki. Na kama gari hilo ni la wagonjwa, limebeba mama mjamzito kutoka zahanati ya mbali kwenda hospitali ya Mvumi au ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi, hesabu si ya fedha tena.

Ukipatwa na hilo porini, usifungue kifuniko mpaka ipoe. Funga mahali palipochanika kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, uuvute sana na kupishanisha mizunguko, jaza maji, kisha acha kifuniko kikiwa kimelegea ili presha isijengeke. Kumbuka kwamba bila presha maji yatachemka kwenye zile nyuzi 96, hivyo nenda polepole, jua likishazama, ukisimama mara kwa mara. Itakufikisha kijiji kinachofuata.

Siku moja mwenye gari alikataa kulipa. Fundi alikuwa ametumia asubuhi nzima kukagua, akakuta mipira yote mizima isipokuwa klipu moja iliyolegea, akaikaza. "Hujabadilisha kitu, mzee, nikulipe nini?" Fundi hakubishana. Aliomba hela ya chai, akapewa noti ndogo, akanawa mikono. Mwenye gari aliondoka kuelekea Kondoa, na bila shaka alifika salama na jambo hilo likaishia hapo kichwani mwake.

Nadhani alikosea, na wengi wetu tunakosea pamoja naye. Tunalipia spea kwa sababu tunaiona, na tunalipia injini iliyoshushwa kwa sababu tumeona jasho. Matokeo yake vijana wanaotoka vyuo vya VETA na wanaojifunzia chini ya miti wanajua haraka kwamba kukagua hakulishi, wakaanza kubadilisha vitu vizima ili wapate haki yao, au wakaacha kushika mipira kabisa na kusubiri ipasuke. Ukimpata fundi anayesubiri injini ipoe, anayebonyeza katikati kabla ya ncha, anayelala chini kuitafuta mipira ya hita, mlipe saa zake hata kama amekurudishia gari bila kugusa spea. Na mwombe akuonyeshe kwa mkono wako mwenyewe palipokaza na palipolegea, kabla hujapanda Sekenke.